Kuchangisha fedha za hisani kwa simu na kwa hafla: tumieni ufundi wa kamati ya harusi

Huku kwetu Muheza, kijana akitoa barua ya uchumba mwezi wa tatu, mwezi wa tano kamati imeshakaa vikao viwili, mweka hazina amechaguliwa, kadi za single na double zimechapishwa, na kila mwanakamati ana majina ya watu wa kufuata. Kufikia Agosti mamilioni yamepatikana, mengi yakitoka kwa watu wenye mishahara ya kawaida kabisa. Hakuna aliyefundishwa kazi hiyo darasani. Shule ya msingi iliyo karibu na ukumbi wa harusi hiyo ina watoto wa kike wanaopanga foleni ndefu kwa tundu moja la choo, na watu wazima hao hao wanasema: "Tungependa kusaidia, lakini hatujui pa kuanzia."

Mnajua pa kuanzia, ndugu zangu. Mashine mnayo na mmeiendesha miaka yote. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuihamishia kwenye hisani, kwa kutumia simu zilizo mikononi mwetu na hafla za mtaani. Umeandikwa kwa kikundi cha mtaa, waliosoma shule moja, klabu ya jogging, jumuiya ya msikiti au ya kanisa. Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni ujenzi wa vyoo vya shule. Kama shida yenu ni kitanda cha kujifungulia cha zahanati au matibabu ya mtoto, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Chagueni kitu kimoja, na kiwe na bei

"Tunasaidia elimu" haichangiwi. "Tunajenga matundu sita ya vyoo vya wasichana" inachangiwa, kwa sababu mtu anaiona kichwani na anajua lini itakuwa imekwisha.

Fikeni shuleni mhesabu wenyewe. Kiwango kinachotumika nchini Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Mkikuta wasichana 240 na matundu 6, basi wasichana 40 wanatumia tundu moja, na yanahitajika mengine sita. Hesabu hiyo ya mistari miwili itafanya kazi kuliko hotuba. Ingieni ndani pia mkaangalie mlango kama una komeo, maji yako umbali gani, na kama kuna chumba cha kujisitiri binti akiwa hedhini. Niliwahi kuona mlango wa choo cha wasichana umefungwa kwa kanga, na mtoto mmoja amesimama nje kaishikilia ili mwenzake ajisitiri. Tangu siku hiyo sikubali makadirio ya choo yasiyo na komeo la ndani wala tangi la maji.

Makadirio ya gharama yatoke kwa mhandisi wa halmashauri, maana ramani za vyoo vya shule wanazo. Kisha zungukeni maduka mawili au matatu ya vifaa vya ujenzi mlinganishe bei. Mkishapata jumla, igawanyeni vipande vipande: mfuko wa saruji ni shilingi ngapi, bati moja ni shilingi ngapi, tundu zima ni shilingi ngapi. Asiye na laki moja anaweza kununua mfuko mmoja wa saruji, naye atapita hapo baadaye akijua wake uko ukutani.

Hatua ya 2: Barua kwanza, tangazo baadaye

Ombeni barua ya utambulisho serikali ya mtaa au kijiji, mpite kwa mtendaji wa kata, kisha mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri na nakala iende kwa mkuu wa wilaya. Elezeni mnachangisha nini, kiasi gani, kuanzia lini hadi lini, na pesa zitakaa wapi. Kwa shule, mwalimu mkuu na kamati ya shule wawemo tangu kikao cha kwanza, ila mwalimu asiguse pesa hata kidogo. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na miaka miwili baadaye Rais Magufuli akapiga marufuku walimu kupokea michango. Mchango wenu ni wa hiari, na uonekane wa hiari. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa.

Walioko Kenya wana sheria yao ya michango ya umma, Sura ya 106, inayodai kibali kabla ya kuanza kukusanya. Popote mlipo, anayeuliza ofisini kabla ya kutangaza hupata usumbufu mdogo kuliko anayeitwa ofisini baada ya kutangaza.

Hatua ya 3: Pesa zitakaa wapi

Hapa ndipo michango mingi inapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sote tumewahi kupokea ule ujumbe wa matapeli: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Umetufundisha kuogopa namba ya simu ya mtu tusiyemjua. Sasa wewe unatuma kwa watu mia tano tangazo lenye picha ya kuhuzunisha na namba binafsi chini yake. Kwa asiyekufahamu, tangazo lako na la tapeli yamefanana, na si kosa lake akikupita.

Namba binafsi ina hatari nyingine isiyosemwa sana. Mtaani kwetu dada mmoja, mwaminifu kabisa, alijitolea namba yake ichangishie mgonjwa. Alikuwa na mkopo wa kwenye simu ambao hakuwa amemaliza kuulipa. Mchango wa kwanza kuingia ulikatwa wote kulipa deni, yeye mwenyewe akiwa shambani hana habari. Alirudisha pesa ile kutoka mfukoni mwake, lakini maneno yalikuwa yameshasambaa, na mpaka leo haonekani kwenye vikao.

Fungueni akaunti ya benki ya kikundi. Kwa kawaida benki hutaka katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichoamua, barua ya serikali ya mtaa, na vitambulisho vya watia saini. Wawekeni watatu, na pesa isitoke bila saini mbili. Kisha ombeni lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Kwa Kenya ni paybill. Kikundi kidogo cha watu wanaofahamiana kinaweza kutumia huduma ya M-Koba ya Vodacom, iliyobuniwa kwa ajili ya vikoba, ambayo haimwachii mtu mmoja kutoa pesa peke yake.

Kwenye kila tangazo andikeni jina litakalotokea kwenye simu ya mchangiaji kabla hajaweka namba ya siri. "Litatokea jina VYOO SHULE MUHEZA. Likitokea jina jingine, usiendelee." Sentensi hiyo inawaondolea watu hofu, na inawakinga na mjanja atakayenakili tangazo lenu na kubadilisha namba. Hilo hutokea hasa mchango ukishaanza kujulikana.

Makato nayo. Sisi tumezoea kuambizana "tuma na ya kutolea". Kwa harusi ya ndugu sawa, lakini kwa hisani amueni mapema kuwa ada ya kutoa na ada ya benki zitalipwa na kamati au mfadhili mmoja, na mtangaze hivyo. Mtu akitoa elfu kumi, elfu kumi nzima ifike kwenye tofali.

Kamati ya watu saba inatosha: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wa mitandao, wa hafla, wa manunuzi, na mmoja anayeaminiwa na wazee. Mweka hazina anaandika, lakini taarifa ya benki inasomwa na mwingine kila Jumapili na kulinganishwa na daftari. Nasema daftari la karatasi, lenye kurasa zenye namba. Simu huibiwa.

Hatua ya 4: Geuzeni lengo liwe majina

Tuseme lengo ni shilingi milioni 12. Msiishie kusema "tukipata watu wengi tutafika." Pangeni hivi: watu 4 wa 500,000 (milioni 2), watu 20 wa 100,000 (milioni 2), watu 60 wa 50,000 (milioni 3), watu 150 wa 20,000 (milioni 3), na watu 200 wa 10,000 (milioni 2). Jumla ni milioni 12, na ni watu 434. Mkiwa saba kwenye kamati, kila mmoja ana watu 62 wa kuwafuata.

Sasa kila mmoja achukue simu yake, afungue majina, aandike hao 62. Akifika 30 akakwama, ni heri mjue leo. Labda lengo lipungue liwe matundu matatu kwanza, labda kamati iongezeke. Nimeona vikundi vikitangaza milioni 50 kwa sababu tu namba inapendeza kwenye bango, halafu milioni 3 zilizopatikana zikakosa kazi ya kufanya.

Kabla ya kutangaza hadharani, wanakamati watoe ahadi zao na walipe, kisha mwende kimyakimya kwa wale wanne wa juu. Orodha ikitoka mara ya kwanza iwe tayari na robo ya lengo. Watu hawapendi kuwa wa kwanza kwenye karatasi tupu.

Angalieni na kalenda. Januari ni ya ada, sare na madaftari. Watumishi hupata mishahara karibu na tarehe 25, basi ujumbe wenu uwafikie wakati huo, si tarehe 15. Kwenye maeneo ya wakulima subirini mavuno: hapa kwetu machungwa yakianza kuuzwa mtaa mzima hubadilika, na Mtwara na Lindi ni minada ya korosho. Ramadhani mikono huwa miepesi kutoa, lakini ulizeni wanazuoni kabla ya kuita mchango wenu zaka, kwa maana zaka ina wanaostahili waliotajwa. Vyoo vya shule viiteni sadaka.

Hatua ya 5: Mitandaoni

Anzeni na WhatsApp, kwa kuwa ndiko waliko watu wenu. Unda vikundi viwili: kimoja cha kamati cha kubishana, kingine cha wachangiaji ambacho maadmini peke yao wanaandika. Mkiacha kikundi cha wachangiaji wazi, siku ya pili kitajaa salamu za asubuhi na video za mpira, na watu watakizima sauti.

Ile desturi ya kila mtu kunakili orodha, kuongeza jina lake na kuirudisha, iacheni. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea, na mtu akikosa jina lake haamini kuwa ni bahati mbaya. Orodha aitoe mweka hazina pekee, mara moja kwa siku, saa mbili usiku, ikiwa na tarehe na jumla juu kabisa.

Je, kiasi cha kila mtu kionekane? Kwenye harusi tumezoea kukiandika. Kwa hisani naona tuache: jina na alama ya vema vinatosha. Mama muuza vitumbua mwenye 2,000 yake akiona juu yake kuna 500,000, anaweza kuona haya akaacha. Na anayetaka asitajwe aandikwe "Msamaria", huku mweka hazina akiwa na jina lake kwenye daftari.

Tangazo liwe fupi kiasi cha kusomwa bila kubonyeza "soma zaidi". Mfano:

"Wasichana 240, matundu 6 ya choo. Tunajenga mengine 6 kabla ya shule kufunguliwa Januari. Tunahitaji milioni 12, tumepata milioni 3.4. Mfuko mmoja wa saruji unatusogeza. Lipa namba … litatokea jina VYOO SHULE MUHEZA. Mwisho 30 Septemba. Barua ya halmashauri na makadirio vipo, uliza utumiwe."

Kila wiki toeni kitu kipya: picha ya shimo likichimbwa, sauti ya fundi akieleza kwa nini kuta zinaanza na mawe, risiti ya kokoto. Ujumbe wa sauti wa nusu dakika kutoka kwa mzee anayejulikana huenda mbali kuliko bango la rangi. Status ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo gawaneni zamu ili kila siku wanakamati wawili wawe nayo. Facebook ni ya waliosoma zamani wakahama, na huko picha ya darasa la mwaka fulani huwakusanya kwa saa moja. Instagram na TikTok zitumieni kwa video za hafla na ujenzi, ila msipoteze wiki mkitafuta mtu maarufu awapostie. Watoaji wenu wengi watatoka kwa watu wanaowajua nyinyi.

Kuhusu picha za watoto nina msimamo mkali. Msipige sura ya mtoto akiwa kwenye hali ya kudhalilika, hata kama picha hiyo ingeleta milioni. Atakuwa mkubwa, na picha itakuwa bado ipo. Pigeni mlango uliooza, foleni kwa mgongoni, ndoo tupu. Kwa mgonjwa, pateni ridhaa ya maandishi ya mzazi, na msiweke majibu ya hospitali mtandaoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019, lakini hata kama zisingekuwepo, utu wa mtoto haukusanyiwi fedha.

Ndugu walio Muscat, London au Minneapolis wanataka njia iliyo rahisi kwao. GoFundMe haitoi pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya Tanzania wala ya Kenya. Lazima kuwe na mtu katika nchi inayokubalika afungue, apokee, atume. Kama mnaye wa kuaminika, wanachama wa huko wamteue wao wenyewe, naye aweke hesabu yake wazi kwenye kikundi kilekile. Kenya wana M-Changa, iliyoanza 2012, inayopokea kwa simu na kwa kadi za benki kutoka nje. Vinginevyo kila mmoja atume kwa njia aliyoizoea ya kutuma nyumbani, ila kwenye akaunti ya kikundi.

Nguvu ya simu tumeiona wazi Julai 2011. Njaa ilipokuwa Turkana na kaskazini mwa Kenya, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga Sh 500 milioni za Kenya kwa wiki nne, watu wakituma kwa M-Pesa, na lengo likavukwa. Ilikuwa na shida moja, lengo moja, muda mmoja. Hayo kikundi cha mtaa kinayaweza.

Hatua ya 6: Hafla

Hafla huleta pesa, lakini faida yake kubwa ni kuwatoa watu nje wakaonana. Aliyesita mwezi mzima kwenye simu hutoa papo hapo akimwona jirani yake ametoa. Mbio za hisani zimejengwa juu ya hilo: Mater Heart Run ya Nairobi kwa watoto wenye magonjwa ya moyo, au CRDB Marathon, iliyoanza 2020 na kugharimia upasuaji wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Nyinyi fanyeni ya ukubwa wenu: bonanza la mpira, matembezi ya hisani ya kilomita tano na klabu za jogging, au mnada baada ya ibada.

Mnipe ruhusa nionye kuhusu fulana, kwa sababu zimekula michango mingi. Mnachapisha 200 kwa 12,000 kila moja, ni 2,400,000. Mnauza 20,000. Zikiisha zote mmepata faida 1,600,000. Zikibaki 60, faida ni 400,000, na kamati imehangaika mwezi mzima. Chapisheni zilizolipiwa tu. Gharama zote za hafla (muziki, turubai, maji, gari la huduma ya kwanza) zitafutiwe wafadhili. Tangi la maji la duka la vifaa, spika za kijana wa mtaani, turubai la msikiti: ombeni vitu, maana mwenye duka anatoa kitu kirahisi kuliko pesa. Kwa shughuli ya shule, kataeni ufadhili wa bia na sigara.

Matembezi barabarani yanahitaji taarifa kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Pelekeni barua wiki mbili kabla, na mweleze njia mtakayopita.

Mnada ndio unaonifurahisha mimi. MC mzuri anaweza kunadi kapu la machungwa, jogoo au keki mara nne: anayeshinda analirudisha mezani, linanadiwa tena. Katibu asimame karibu na MC na daftari. Kila ahadi inayotamkwa iandikwe palepale: jina, namba ya simu, kiasi, tarehe ya kumaliza. Ahadi iliyopigiwa vigelegele bila kuandikwa imepotea.

Pesa taslimu ziingie kwenye sanduku lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili. Zihesabiwe mbele ya watatu kabla ya mtu yeyote kuondoka uwanjani, jumla itangazwe kwa kipaza sauti, na kesho yake asubuhi ziende benki. Zisilale kwa mtu.

Na wasio na pesa wapeni nafasi. Msaragambo wa Jumamosi, watu arobaini wakichimba shimo na kusomba mawe, unapunguza gharama ya ujenzi. Andikeni majina yao kwenye orodha ileile ya wachangiaji.

Hatua ya 7: Kufuatilia ahadi

Gawaneni: kila mwanakamati anawafuata wake. Piga simu, usiandike kwenye kikundi, na usimtaje mtu hadharani. Msalimie, muulize familia, kisha: "Kaka, nakukumbusha ile ahadi yetu ya vyoo. Kama mambo yamebana, unaweza kupunguza kidogo sasa, nyingine mwisho wa mwezi." Hilo neno "kupunguza" limeniletea pesa nyingi, kwani wengi hukwama kwa kuona haya kutoa nusu. Akisema hana, mshukuru na umfute. Mara mbili zinatosha.

Hatua ya 8: Manunuzi na mrejesho

Anayenunua asiwe anayetunza pesa. Mlipeni mwenye duka kwa benki au lipa namba yake, mdai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), na mzigo upokelewe shuleni na watu wawili wanaohesabu mifuko. Fundi alipwe kwa hatua: msingi, kuta, paa, kumalizia. Msimlipe yote mwanzoni hata akiwa shemeji.

Kila hatua ikiisha, picha na hesabu ziende kwenye kikundi siku hiyohiyo, zikionyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Bei ikipanda, semeni. Mkikosea, semeni kabla hamjaulizwa. Pesa zikibaki, wachangiaji ndio wa kuamua: sabuni za mwaka mzima, au koki za akiba.

Siku ya kukabidhi waalikeni wote, pamoja na wa 2,000. Msiandae pilau kwa pesa za mchango. Mtoto mmoja wa darasa la nne afungue bomba, watu waone maji yakitoka. Mweka hazina asome hesabu ya mwisho kwa sauti, kisha daftari, risiti zote na taarifa ya benki viwekwe kwenye bahasha moja na kukabidhiwa kwa kamati ya shule mbele ya watu, nakala ikibaki ofisi ya kijiji. Jioni hiyo tumeni ujumbe wa mwisho kwenye kikundi: picha ya mlango mpya ukiwa umefungwa kwa komeo la ndani.